SINDANO YA JICHO: JE, INALETA KIHARUSI?



Katika matembezi yetu ya nyumba kwa nyumba hapa Nakivale, kuanzia Base Camp mpaka Juru na Rubondo, kuna swali ambalo sisi VHT tunaulizwa mara kwa mara: "Ni kweli kwamba ukichomwa sindano ndani ya jicho unapooza upande mmoja?" Wanaouliza si watu wa kubishana tu. Ni wazee walioandikiwa rufaa ya macho kwenda Mbarara, na watoto wao ambao wanapaswa kuamua kama mzee apande gari au abaki nyumbani. Wengine wamepata habari kwa simu kutoka kwa ndugu waliohamia Marekani au Kanada. Huko sindano hiyo ni jambo la kawaida kwa wazee, na huko pia maneno juu yake ni mengi.

Mzee mmoja aliniambia wazi: "Mwanangu, afadhali nipofuke nikitembea kuliko kuona nikiwa nimelala kitandani." Neno hilo ni zito na linastahili jibu la kweli. Kumwambia tu "usiogope" hakutoshi. Katika toleo hili tutaeleza sindano hiyo ni nini, inatibu nini, madhara gani ya ubongo na mishipa ya fahamu yamechunguzwa, na dalili zipi zikukimbize kwenye kituo cha afya saa hiyohiyo.

SINDANO HII INATIBU NINI?

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Retina ndiyo inayopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Katikati ya retina kuna sehemu ndogo iitwayo makula. Makula ndiyo inayokuwezesha kusoma Biblia au Kurani, kuchambua mchele, kupitisha uzi kwenye sindano na kutambua uso wa mjukuu wako.

Kwa watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, makula inaweza kuanza kuchakaa. Uchakavu huo uko wa aina mbili. Aina ya kwanza ni kavu, nayo huenda polepole kwa miaka mingi. Aina ya pili ni ya majimaji: mishipa mibovu ya damu huota chini ya retina, huvuja damu na maji, na makula huharibika kwa haraka. Bila matibabu, mtu mwenye aina ya majimaji anaweza kupoteza uwezo wa kuona katikati katika muda wa miezi tu. Pembeni anaendelea kuona, lakini uso wa mtu aliye mbele yake unakuwa doa jeusi.

Sindano hii inatibu aina ya majimaji. Pia watu wenye kisukari ambao makula yao imevimba wanaweza kuandikiwa sindano hiyohiyo, hata kama hawajafika uzee.

Haitibu mtoto wa jicho, ambao unahitaji upasuaji. Haitibu trakoma. Wala haitibu presha ya jicho ya kawaida, yaani glakoma. Kwa hiyo usimwombe daktari sindano kwa sababu jirani amechomwa. Kwanza jicho lipimwe.

DAWA YENYEWE INAFANYAJE KAZI?

Mwili hutengeneza protini inayoamuru mishipa mipya ya damu iote. Kidonda kinapopona, protini hiyo ni rafiki. Lakini ikizidi ndani ya jicho, ndiyo inayootesha ile mishipa mibovu inayovuja. Dawa ya sindano inaishika protini hiyo na kuizuia. Mishipa inanyauka, maji yanakauka, na makula inapata nafasi ya kupumua.

Dawa zinazojulikana sana ni tatu. Ya kwanza ni bevacizumab, ambayo jina lake la kibiashara ni Avastin. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2005 madaktari wa macho walianza kuitumia ndani ya jicho kwa kipimo kidogo sana. Ya pili ni ranibizumab, iitwayo Lucentis, iliyoruhusiwa mwaka 2006 kwa ajili ya jicho. Ya tatu ni aflibercept, iitwayo Eylea, iliyoruhusiwa mwaka 2011. Avastin ndiyo yenye bei nafuu zaidi, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa kazi hii ya macho.

Je, inasaidia kweli? Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2006 ulifuatilia watu 716 wenye uchakavu wa majimaji. Baada ya mwaka mmoja, kati ya kila watu 100 waliochomwa ranibizumab, karibu 95 walikuwa wamelinda uwezo wao wa kuona au walipoteza kidogo tu. Kwa wale ambao hawakupewa dawa, walikuwa 62 tu kati ya 100. Na kati ya kila 100 waliochomwa, 34 waliona vizuri zaidi kuliko mwanzo, wakati kwa wasiopewa dawa walikuwa 5. Hiyo ndiyo faida inayopotea pale mzee anapoamua kubaki nyumbani kwa sababu ya uvumi.

HOFU YA KIHARUSI ILITOKA WAPI?

Hofu hii haikuzuka hewani. Ina chanzo, na ni vizuri kukijua.

Protini inayozuiwa na dawa hii haifanyi kazi kwenye jicho peke yake. Mwili mzima unaihitaji ili kuta za mishipa ya damu zibaki na afya. Wagonjwa wa saratani walipopewa bevacizumab kwa njia ya mshipa, ilionekana kwamba inaweza kupandisha presha ya damu na kuongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Damu ikiganda kwenye mshipa wa moyo, mtu anapata mshtuko wa moyo. Ikiganda kwenye mshipa wa ubongo, anapata kiharusi.

Lakini tuangalie kipimo. Mgonjwa wa saratani mwenye uzito wa kilo 60 anapewa miligramu 300 au zaidi kwa mara moja, na dawa inaingia moja kwa moja kwenye damu. Kwenye jicho inachomwa miligramu 1.25 tu. Hiyo ni chini ya moja ya mia mbili. Hata hivyo, kiasi fulani hutoka kwenye jicho na kuingia kwenye damu. Ranibizumab hutoka kwenye damu upesi, na bevacizumab hukaa siku nyingi zaidi. Ndiyo maana wataalamu walisema: tusidhani tu, tupime.

WAMEPIMA WAKAONA NINI?

Hapa naomba msomaji awe na subira kidogo na hesabu, kwa maana uvumi unaishi pale ambapo hesabu haipo.

Katika tafiti za mwanzo za ranibizumab, walihesabu watu waliopata kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo cha mishipa ya damu katika mwaka wa kwanza. Kati ya kila watu 1,000 waliochomwa dawa, walikuwa 19. Kati ya kila watu 1,000 ambao hawakuchomwa dawa, walikuwa 11. Tazama mambo mawili. Kwanza, hata ambao hawakuguswa na dawa walipatwa, kwa sababu ni wazee, na wazee hupatwa na kiharusi. Pili, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba wataalamu hawakuweza kusema kwa hakika kama ni dawa au ni bahati.

Mwezi wa Januari 2007, kampuni ya dawa hiyo iliwaandikia madaktari wa Marekani barua ya tahadhari. Katika utafiti mwingine uliokuwa bado unaendelea, waliopata kipimo kikubwa walionekana kupata kiharusi zaidi, watu 12 kati ya 1,000, kuliko waliopata kipimo kidogo, watu 3 kati ya 1,000. Habari hiyo ilienea haraka. Utafiti ulipomalizika, tofauti ilikuwa imepungua na haikutosha kuwa ushahidi. Ila jambo moja lilibaki: waliokuwa wameshapata kiharusi zamani ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kingine.

Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliolinganisha Avastin na Lucentis kwa watu 1,185 huko Marekani. Kwa kuona, dawa zote mbili zilikuwa sawasawa. Idadi ya vifo, mishtuko ya moyo na viharusi haikutofautiana kwa maana. Waliopata Avastin walilazwa hospitali mara nyingi kidogo zaidi kwa magonjwa mbalimbali, lakini mengi ya magonjwa hayo si yale yanayotegemewa kutokana na dawa hii. Mwaka 2014 wataalamu walikusanya tafiti 9 zenye watu zaidi ya 3,600, na hawakuona kwamba Avastin inaua au kudhuru mwili zaidi kuliko Lucentis.

Kwa ufupi, ndugu zangu: hakuna anayeweza kukuambia kwamba hatari ya kiharusi ni sifuri. Lakini kama hatari ya nyongeza ipo, ni ndogo. Na hatari ya kupofuka kwa mtu mwenye uchakavu wa majimaji asiyetibiwa ni kubwa na iko karibu.

"LAKINI JIRANI YANGU ALICHOMWA, AKAPOOZA"

Hili nalo tunalisikia, na hatulikatai. Inawezekana kabisa mtu akachomwa sindano mwezi huu na akapata kiharusi mwezi ujao. Swali ni hili: ni sindano, au ni mambo yale aliyokuwa nayo tangu zamani?

Mtu anayeandikiwa sindano hii mara nyingi ana umri mkubwa. Pengine ana presha ya damu, ana kisukari, au alivuta tumbaku miaka mingi. Uvutaji wa tumbaku unaharibu makula na unaleta kiharusi pia. Yaani shina ni moja, matawi ni mawili. Zaidi ya hapo, sindano hutolewa kila mwezi kwa miezi ya mwanzo, kisha huachanishwa kidogo kidogo. Mtu anayechomwa kila mwezi akipata kiharusi siku yoyote ile, lazima itakuwa "ndani ya mwezi mmoja baada ya sindano." Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini si jogoo anayelichomoza.

Kwa hiyo njia kubwa ya kuzuia kiharusi kwa mzee wa macho si kukimbia sindano. Ni kumeza dawa za presha kila siku, hata siku anayojisikia mzima. Ni kudhibiti sukari, kupunguza chumvi, na kuacha tumbaku ya aina zote. Presha isiyotibiwa inapoozesha watu wengi kuliko sindano yoyote ya jicho.

NANI AMWELEZE DAKTARI KABLA YA KUCHOMWA?

Usikae kimya ukidhani daktari wa macho anaangalia jicho tu. Mwambie mapema kama:

- uliwahi kupata kiharusi, hata kidogo kilichopita chenyewe;
- uliwahi kupata mshtuko wa moyo au maumivu makali ya kifua;
- katika miezi ya karibuni mkono, mguu au mdomo uliwahi kulegea kwa dakika chache kisha ukarudi;
- una presha ya damu au kisukari, na unatumia dawa gani;
- una mimba, au unadhani una mimba, au unanyonyesha;
- jicho lina usaha, wekundu au maumivu siku hiyo.

Kwa mtu aliyepata kiharusi karibuni, daktari anaweza kuahirisha sindano kwa muda, au kuchagua dawa nyingine. Hilo haliwezekani kama hajui. Chukua kitabu chako cha matibabu na vidonge vyako vyote kwenye mfuko, hata kama huwezi kutaja majina yake. Kama lugha ni shida, omba mkalimani, au nenda na mtu mzima anayeelewa. Usimtume mtoto wa shule kutafsiri mambo ya kiharusi na upofu.

SIKU YA SINDANO INAKUWAJE?

Wengi wanaogopa kwa sababu hawajui. Mgonjwa analala chali. Jicho linatiwa matone ya ganzi, kisha linasafishwa kwa dawa ya ayodini. Kifaa kidogo kinazuia kope zisifunge. Sindano ni nyembamba sana na inaingia kwenye sehemu nyeupe ya jicho, si kwenye mboni. Kuchoma kwenyewe ni sekunde chache. Wengi husema wamesikia kama kubonyezwa.

Baada ya hapo haya ni ya kawaida: jicho kukwaruza kama lina mchanga kwa sababu ya ayodini, doa jekundu pale ilipoingia sindano, na vitu vidogo vinavyoelea mbele ya jicho kwa siku chache. Jicho likijazwa dawa, presha yake ya ndani inaweza kupanda kwa dakika chache. Katika dakika hizo mtu anaweza kuona giza kidogo au kuumwa kichwa upande huo. Mwambie muuguzi palepale, usitoke nje kwanza.

DALILI ZA KIHARUSI: USO, MKONO, MANENO, MUDA

Iwe umechomwa sindano au hujachomwa, dalili ni hizi. Wafundishe watu wote wa nyumba yako:

USO: Mwambie atabasamu. Je, upande mmoja wa mdomo umeanguka?

MKONO: Mwambie anyanyue mikono yote miwili. Je, mmoja unashuka au umekufa ganzi?

MANENO: Mwambie arudie sentensi fupi. Je, anaongea kama mlevi, au maneno hayaeleweki?

MUDA: Ukiona hata dalili moja, angalia saa na uikumbuke. Mpigie VHT wako au mpeleke kituo cha afya mara moja, iwe mchana au usiku. Baadhi ya matibabu ya hospitali kubwa ya kuyeyusha damu iliyoganda yanawezekana katika saa nne na nusu za mwanzo tu, na daktari lazima ajue dalili zilianza saa ngapi.

Dalili nyingine ni kichwa kuuma ghafla kwa ukali usio wa kawaida, kizunguzungu cha ghafla pamoja na kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuona vitu viwiliviwili.

Wakati wa kusubiri gari, mlaze kwa ubavu. Usimpe chakula wala maji, kwa maana anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini, kwa sababu kama kiharusi ni cha mshipa uliopasuka, aspirini itaongeza kuvuja damu. Usimchanje kwa wembe, na usimpeleke kwanza kwenye maombi au kwa mganga. Sala inaweza kufanyika ndani ya gari.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu wa sindano. Mtu akisema "sioni," je, ni jicho au ni ubongo? Mwambie afunike jicho moja, kisha la pili. Kama shida iko kwenye jicho moja tu, mara nyingi tatizo ni la jicho. Kama upande uleule umepotea kwenye macho yote mawili, kwa mfano haoni chochote cha kushoto kwa jicho lolote, tatizo linaweza kuwa kwenye ubongo. Yote mawili ni ya haraka. Lakini ukiweza kueleza hivyo, umemsaidia mhudumu kupanga rufaa.

HATARI NYINGINE YA JICHO LENYEWE

Wakati watu wanaogopa kiharusi, kuna hatari nyingine ambayo ni ya sindano hasa: vijidudu kuingia ndani ya jicho. Hutokea mara chache sana, chini ya mara moja katika sindano 1,000, lakini inaweza kupofusha jicho kwa siku chache. Dalili ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoenea, mwanga kuumiza, na kuona kunakofifia siku chache baada ya sindano. Ukiona hivyo usingoje tarehe ya kurudi. Nenda siku hiyohiyo. Vilevile ukiona mimweko ya mwanga au kitu kama pazia kinashuka mbele ya jicho, inaweza kuwa retina imebanduka.

Hatari hii inakua sana pale dawa inapogawanywa kwenye sindano ndogondogo bila usafi. Chupa moja ya Avastin ni ya kipimo cha saratani, na hugawanywa kwa macho mengi. Mwaka 2011 huko Florida, Marekani, watu 12 waliambukizwa vijidudu kutokana na dawa iliyogawanywa sehemu moja. Mwezi wa Septemba 2023 huko Punjab, Pakistan, makumi ya watu walidhurika macho kwa sindano zilizogawanywa vibaya. Kwa hiyo sindano ya jicho ichomwe kwenye hospitali ya macho tu. Mtu yeyote akikuambia anayo dukani kwake na atakuchomea kwa bei nafuu, toka hapo ukatuambie.

MZEE ANAONA WATU AMBAO HAWAPO

Mwisho, kuna jambo ambalo familia nyingi zinalificha. Mzee ambaye kuona kwake kumepungua anaanza kusema: "Kuna watoto wamesimama pale mlangoni," au anaona maua, ndege, au watu waliovaa nguo za ajabu. Watu wanasema sindano imemharibu kichwa, au ni mapepo, au amerogwa.

Mara nyingi sivyo. Mwaka 1760 mtaalamu wa Uswisi aitwaye Charles Bonnet alieleza habari za babu yake, mzee mwenye akili timamu lakini macho mabovu, aliyeona watu, ndege na majengo ambayo hayakuwepo. Mpaka leo hali hiyo inaitwa kwa jina la Bonnet. Sababu yake ni kwamba ubongo umezoea kupokea picha kutoka kwenye jicho. Picha zinapopungua, ubongo unajitengenezea zake. Sio wazimu, na haitokani na uchawi.

Alama zake ni hizi: mzee anaona tu, hasikii sauti, akielezwa kwamba havipo, anakubali, na akili yake kwa mambo mengine ni nzuri. Mwongezee mwanga ndani ya nyumba, mwambie apepese macho au ageuze kichwa, na mara nyingi picha zinaondoka. Lakini kama anasikia sauti, anachanganyikiwa siku na majina ya watu, ana homa, au mambo yameanza ghafla, mlete kituo cha afya, kwani hiyo inaweza kuwa shida nyingine. Na tafadhali, asifungwe, asichapwe, asinyimwe chakula ili "pepo litoke." Wazee wengine wanakaa kimya kwa kuogopa kuitwa wachawi. Muulize kwa upole, umwondolee huo mzigo.

JIPIME MWENYEWE NYUMBANI

Chukua ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba. Weka nukta katikati. Vaa miwani yako kama unayo. Funika jicho moja, angalia nukta kwa lile lingine, kisha badilisha. Kama mistari inapinda kama mawimbi, au kuna sehemu imepotea katikati, njoo upimwe bila kungoja. Fanya hivyo kila wiki. Ni muhimu kupima jicho moja moja, kwa sababu jicho zima huficha ubovu wa mwenzake.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

1. Jina la ugonjwa wa jicho langu ni nini?
2. Utanichoma dawa gani, na mara ngapi?
3. Nisipochomwa, kitatokea nini na baada ya muda gani?
4. Kwa presha yangu na magonjwa yangu ya zamani, kuna hatari gani kwangu mimi?
5. Nikipata shida usiku, niende wapi?

Una haki ya kujibiwa kabla ya kutia sahihi au kidole gumba. Una haki pia ya kukataa. Ila ukikataa, ukatae kwa sababu umeelewa, si kwa sababu ya maneno ya kwenye foleni ya maji. Na wewe mtoto wa mzee, usimwamulie. Mpe habari zote, kisha msikilize.

Yule mzee niliyemtaja hapo juu, tuliketi naye tukapima presha yake. Ilikuwa juu sana, na dawa alikuwa ameziacha tangu miezi mitatu. Tulikubaliana aanze na hapo: ameze dawa kila siku, presha ishuke, kisha aende kumsikiliza daktari wa macho mwenyewe na kuamua. Hiyo ndiyo njia tunayowashauri wote.

Kama una swali, mwone VHT wa kijiji chako au fika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Jicho ni taa ya mwili, na presha ni moto unaowaka kimya. Tutunze yote mawili.